Kabla ya Kurusha Droni Ruaha

Tembo jike alisimama katikati ya Mto Ruaha Mkuu, mahali ambapo ramani yangu imepakwa rangi ya buluu, akawa anachimba. Alikwangua mchanga kwa mguu wa mbele, akausukuma nyuma, kisha akauingiza mkonga shimoni karibu wote. Maji ya kwanza aliyoyavuta aliyamwaga pembeni. Yalikuwa tope. Akasubiri. Mtoto wake alijaribu kupenya katikati ya miguu akasukumwa nyuma taratibu. Zilipita kama dakika 20 ndipo mama akaanza kunywa kweli, na mtoto naye akaruhusiwa kuinama na kunywa kwa mdomo, maana mkonga wake haukuwa umejifunza kazi. Walipoondoka, nyani waliokuwa wakingoja ukingoni waliteremka mbio kukigombea kile kisima.

Ilikuwa Oktoba, pale Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, safari ya kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini. Jina la mto limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto, basi. Waliouita hivyo hawakuona haja ya kuutofautisha na mwingine. Na mto huo, ambao zamani ulipita hapo mwaka mzima, tangu 1993 hukatika karibu kila kiangazi. Kinachobaki ni mchanga mweupe, na hapa na pale dimbwi la kijani ambamo viboko wamebanana hadi migongo yao inagusana, na mamba wamelala pembeni kama magogo.

Tulikuwa watatu: dereva, kijana mrushaji wa droni, na mimi niliyebeba kamera na daftari. Hatukuja kupiga picha za angani. Tulikuja kuzipanga. Nilitaka kuupiga picha Ruaha kutoka juu, kuanzia milimani unakozaliwa hadi Bwawa la Mtera unakoingia, na baada ya kuona kazi nyingi za namna hiyo zikiharibika kwa haraka, niliamua safari ya kwanza iwe ya macho na miguu tu. Droni yenyewe ilibaki kwenye sanduku lake muda wote tuliokuwa hifadhini. Kuirusha Tanzania kunahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kunahitaji idhini ya vyombo vya ulinzi, na ndani ya hifadhi ya taifa kunahitaji ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) juu ya hayo yote. Barua zetu za hifadhini zilikuwa bado njiani, na sikuwa na haraka nazo.

Jioni ile nilimwonyesha askari wa uhifadhi aliyetuongoza orodha yangu ya picha. Ya pili ilisomeka: “Tembo wakichimba maji mtoni, kutoka juu, mita 40.” Aliisoma, akanirudishia daftari.

“Hiyo futa, kaka,” alisema. “Kwa Kiswahili cha ofisini hicho chombo chenu tunakiita ndege nyuki. Tembo naye anakiita hivyo hivyo.”

Alikuwa akisema jambo linalojulikana vizuri. Tembo huogopa nyuki, na katika vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi wakulima huning'iniza mizinga kwenye uzio ili kuwazuia wasiingie mashambani. Mvumo wa droni humshtua tembo vilevile. Nilimfikiria yule mama: dakika 20 za kuchimba, maji yameanza kutakata, mara kitu kinavuma juu ya kichwa chake. Angekimbia na mtoto wake akiwa hajanywa, na mimi ningebaki na picha nzuri sana. Niliufuta ule mstari mbele yake. Tembo nitawapiga nikiwa ukingoni, ndani ya gari, kwa lenzi ndefu. Kutoka juu nitapiga mashimo yao wakishaondoka, maana mashimo hayo nayo ni ramani: yanaonyesha maji ya chini ya mchanga yako wapi, na kila wiki ya kiangazi yanavyozidi kwenda chini.

Lakini picha ya mchanga, hata ikipigwa vizuri namna gani, haisemi maji yamekwenda wapi. Hilo ndilo lililonitoa Msembe.

Ili kuelewa, mtu aanzie juu. Mito inayoujenga Ruaha Mkuu, yaani Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine midogo, inashuka kutoka nyanda za juu na kuingia Bonde la Usangu, uwanda mpana wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya. Katikati ya uwanda huo maji hutandaa na kufanya ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mahali paitwapo N'Giriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatoka na kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kimo cha kiganja, hakuna kinachotoka. Ihefu itakuwa bado na maji, ndege watakuwa bado wamejaa, na chini kule Msembe mto utakuwa umekufa.

Kwa hiyo picha muhimu kuliko zote katika mpango wangu ni ya mwamba ule, na ndiyo ngumu kuliko zote. Ihefu ni kubwa mno kwa droni ambayo betri yake haifikishi nusu saa. Pale lazima ndege ndogo yenye mabawa juu ya dirisha, aina ya Cessna, iruke asubuhi kabla joto halijaanza kuitikisa, na rubani awe anajua wapi ndege wakubwa wa majini hupaa kwa makundi. Mwari mmoja akigonga kioo cha mbele, yamekuwa mengine. Niliandika: Ihefu na N'Giriama, ndege, saa moja na nusu asubuhi, dirisha lifunguliwe. Sehemu nyingine zote, droni.

Tuliondoka hifadhini tukarudi Iringa, tukashika barabara kuu ya Zambia kupitia Mafinga na Makambako. Baada ya Makambako barabara inashuka, baridi ya miti ya misonobari inabaki nyuma, joto linaingia, na ghafla uwanda wa Usangu umelala mkono wa kulia kama bahari iliyokauka. Pale Igawa tulivuka Mto Mbarali. Nilimwomba dereva asimame, nikashuka kuangalia. Maji yalikuwepo, yanakwenda. Siwezi kueleza jinsi nilivyofurahi kuyaona, na jinsi furaha ile ilivyochanganyika na swali.

Usangu ni ghala la mpunga. Mchele wa Mbarali unauzwa Dar es Salaam na kwingineko, na ukila pilau ya mchele wa Mbeya jua kwamba umekula sehemu ya Ruaha. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, Kapunga na Madibira yakafuata, na kando yake wakulima wadogo wakachimba mifereji yao, mwaka baada ya mwaka. Kila mfereji una banio lake mtoni. Nilikuwa nimechapisha picha ya setilaiti ya eneo hilo kwenye karatasi kubwa, upana wa meza. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure, kwa hiyo mtu akiwa na intaneti na subira anaweza kuyaona majaruba ya Usangu yakipanuka muongo baada ya muongo. Ila nukta moja ya picha hizo za kawaida ina upana wa mita 30. Mfereji wenye upana wa mita mbili haumo. Mtu aliyeinama na jembe hayumo kabisa.

Kijiji tulichofikia sitakitaja, kwa sababu utakazoziona. Tulimwamkia mwenyekiti, tukaeleza shida yetu, naye akaita wazee na wanakamati wa skimu ya umwagiliaji chini ya mwembe. Niliitandaza karatasi yangu chini na kuibana kwa mawe. Kimya kilipita. Kisha mama mmoja mwenye kitenge cha njano akauliza bila kunyanyua sauti:

“Mnatupima ili mtuhamishe?”

Nilipaswa kulitarajia swali hilo, na sikulitarajia. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu kwa nguvu, jina la kuokoa mto likiwa mbele. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na habari ya mipaka imeendelea kuwanyima watu usingizi tangu hapo. Kwa watu hao kitu kinachovuma angani na kupiga picha mashamba yao si sanaa. Ni mwanzo wa barua yenye muhuri. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa upepo, vumbi, betri na vibali, na hili nilikuwa nimelisahau.

Nilijibu kwa kadiri nilivyoweza. Nilisema picha zote nitazileta zikiwa zimechapishwa, wazione kabla ya mtu mwingine yeyote, na isiyowapendeza waseme kwa nini. Nilisema nyumba hazitakuwa lengo. Mzee mmoja aliyekuwa kimya wakati wote akasogea kwenye karatasi, akaiangalia, kisha akaondoa mawe na kuigeuza juu chini. Kaskazini yangu ikawa miguuni pake.

“Sasa inasomeka,” alisema. “Maji yanatoka kule.” Alinyoosha mkono kuelekea milimani, kusini, na kweli karatasi sasa ilikuwa imelala kama nchi ilivyolala. Akaweka kidole gumba juu ya mstari mweusi niliokuwa nimeuandika kwa kalamu “mto”.

“Huu si mto, mwanangu. Huu ni mfereji wetu. Mto ni huu mwembamba hapa.”

Niliinama kuangalia. Mfereji ulikuwa umeonekana mpana kuliko mto kwa sababu mwezi ule ulikuwa na maji mengi kuliko mto. Kosa langu la kalamu lilikuwa limesema ukweli wote wa Usangu, na mimi sikuusoma hadi mzee aliponishika mkono.

Hakuficha kitu. Alieleza kwamba hata kiangazi, wakati mpunga umekwisha kuvunwa, mfereji hauzibwi, kwa kuwa ndio unaoleta maji ya kunywa, ya ng'ombe na ya bustani. Alieleza kwamba zamani walijua siku ya kuanza vitalu, na sasa mvua inachelewa, halafu ikija inakuja yote kwa pamoja, inabomoa banio walilolijenga kwa mawe na magunia, kisha inakata kabla punje haijajaa. Mkulima aliyepoteza msimu kwa mvua ya namna hiyo hujilinda kwa kufungua maji mapema na kuyaacha muda mrefu zaidi. Joto nalo linaongezeka, na maji yaliyosimama kwenye majaruba yanakwenda angani kwa haraka zaidi. Basi mabadiliko ya tabianchi na mifereji havikukaa kila kimoja upande wake, ingawa mikutanoni nimesikia watu wakibishana kana kwamba lazima mmoja ashinde. Pale chini ya mwembe vilikuwa vimesukwa pamoja kama ukili.

“Lakini mkija Oktoba tu,” mzee aliendelea, “mtasema sisi ndio tuliokausha. Njooni na Machi. Muone maji yanapofika mlangoni.”

Kikao kikasema kitatupa jibu baada ya siku mbili. Tukapanda milimani.

Kutoka Chimala kwenda Matamba kuna barabara ya vumbi iitwayo Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Dereva wetu alizihesabu kwa sauti hadi ya kumi na tisa, akaacha, akashika usukani kwa mikono miwili. Kila kona ilituinua, na kila tulipogeuka upande wa bonde Usangu ulizidi kufunguka chini yetu. Karibu na juu tulisimama. Jua lilikuwa limeanza kulala. Mifereji yote iliyokuwa imefichika tulipokuwa chini ikashika mwanga kwa pamoja, mistari myembamba ya fedha, mingi kuliko nilivyodhani, na kati yake mto ukawa mstari mmoja tu kati ya mistari. Sikuhitaji droni kwa picha hiyo. Niliweka kamera juu ya ukuta wa mawe, nikapiga, nikaandika saa, mahali na pembe, ili nisimame hapo hapo Machi.

Huko juu zaidi ni Kitulo, uwanda wa majani na maua ambao watu huuita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Chemchemi zake ni sehemu ya chanzo cha Ruaha. Asubuhi ilikuwa baridi, umande umelowesha viatu, na maji yalikuwa yanatoka kwenye nyasi bila sauti, kijito cha kurukwa kwa hatua moja. Nilichota kwa kiganja. Niliwaza mkonga wa yule tembo.

Tuliporudi, kijiji kilikubali kwa masharti matatu: tulete picha kama tulivyoahidi, tupige misimu yote miwili, na siku ya kurusha watangaze kwanza msikitini na kanisani ili mtu asishtuke. Eneo hili tulikuwa na kibali chake, kwa hiyo tukafanya jaribio moja fupi saa sita mchana, kwa sababu ndio muda tuliopewa. Picha ziliharibika zote. Jua la utosini lilidunda juu ya maji, mfereji na jaruba na mto vikawa bati moja jeupe, huwezi kutenganisha kina kirefu na kifupi. Watoto waliokuwa wakitazama kwenye kioo cha kijana wetu waliuliza mbona maji yanaungua. Nilifurahi kwamba tuliharibu siku ile na si siku yenyewe. Saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, tuliandika, jua likiwa ubavuni na upepo ukiwa bado umelala.

Mpango wa pale ukawa huu: kilomita mbili za mto, banio likiwa katikati, zimegawanywa vipande vinne ili droni isitoke machoni mwa mrushaji. Urefu wa mita 120 juu ya ardhi. Kwa kamera yetu kila nukta ya picha itakuwa na upana wa sentimita tatu hivi, kwa hiyo hata magunia ya banio yatahesabika. Picha moja kila mita 24, kila moja ikilalia nyingine kwa asilimia 80, mistari mitatu sambamba, jumla picha kama 250 zitakazoshonwa ziwe karatasi moja. Kisha Machi njia ile ile, urefu ule ule, saa ile ile, kwa namba zilizohifadhiwa kwenye programu.

Ili karatasi ya Oktoba na ya Machi zilale sawasawa moja juu ya nyingine, lazima pawe na alama chini zisizotikisika. Tulikuwa na kopo la rangi nyeupe. Kijana wetu alichagua jiwe kubwa ukingoni, hatua kumi kutoka kwenye maji, akachora msalaba mnene. Mzee, aliyekuwa ametufuata na fimbo yake, alitazama jiwe.

“Hapo Machi atakuwa amekaa kambale,” alisema.

Tukapanda hatua 20 zaidi, kwenye kichuguu kilichokauka. Akatikisa kichwa. Tukapita shamba la mahindi la jirani yake, tukafika kwenye mkuyu wenye shina lililoinama, karibu na njia ya ng'ombe. Alipapasa gome kwa kiganja, akatafuta, akatuonyesha ukanda wa udongo uliokauka juu ya gome, usawa wa goti lake.

“Ulifika hapa,” alisema. “Weka nyuma ya mti.”

Nyuma ya mkuyu kulikuwa na jiwe bapa, limezama nusu ardhini. Kijana alilifuta vumbi kwa shati lake, akachora. Mimi nilipima kwa hatua kurudi hadi kwenye maji: 94. Nikaandika namba hiyo, na mahali pa jiwe, na jina la mti. Mzee alikaa juu ya mzizi akingoja rangi ikauke, akiwafukuza kuku wasiikanyage.